Kijana anayetaka kutunza barua pepe za kanisa achague cheti gani?

Kila mwaka wa masomo unapofungwa, vijana wa makanisa yetu ya Butembo na Beni waliosoma informatiki hutufikia na karatasi mkononi. Wengine wamemaliza lisansi. Wengine wana diploma ya taifa tu, na miaka michache ya kupiga chapa na kutengeneza kompyuta katika kibanda cha mtaani. Juu ya karatasi wameandika herufi: CCNA, LPIC, RHCSA, MS-102. Wanaomba kanisa liwachangie, au liwaandikie washirika wa ng'ambo, ili wapate cheti na kurudi kutunza barua pepe za ofisi zetu.

Ombi ni zuri, lakini fedha zinazoombwa ni za sadaka, au ni za mzazi aliyeuza kahawa yake ya msimu mzima. Mtihani mmoja tu unaweza kumeza mshahara wa miezi ya mwalimu. Basi makala haya tumeyaandika kwa ajili ya kijana huyo, na pia kwa ajili ya mchungaji, mzee wa kanisa na mtunza fedha wanaoketi upande wa pili wa meza wakitakiwa kusema ndiyo au hapana.

Tuseme mapema tunaloliamini. Katika vyeti ambavyo vijana wetu hutuletea, hakuna hata kimoja kilicho cha barua pepe tupu. Barua pepe hukaa mwisho wa mnyororo: kuna kompyuta yenyewe, kuna mtandao, kuna majina ya mtandao, kisha ndipo barua. Kijana achague cheti kwa kutazama kazi atakayoifanya Butembo au Beni, asichague kwa ukubwa wa jina la kampuni lililoandikwa juu yake.

Kwa nini jambo hili linagusa kanisa

Wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka foni, ile redio ya posti za misheni. Saa ya foni ilipofika, posti zote zilisikia: nani mgonjwa, dawa gani zimekwisha, ndege itatua lini. Hakuna siri iliyokaa ndani ya foni, lakini kila mmoja aliijua sauti ya mwenzake, na kumdanganya mtu haikuwa rahisi.

Leo barua za jumuiya hupita kwenye intaneti. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, jumuiya yenye makao makuu yake kule, kama CBCA, ina ofisi upande mmoja na posti nyingi za Beni na Lubero upande mwingine. Benki za Goma zilifunga milango na utawala wa jimbo ulihamia Beni. Ripoti ambayo zamani ilibebwa mkononi na dereva sasa inategemea sanduku la barua pepe. Hata kabla ya hapo tulionja hali ya namna hii. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu kwetu hadi tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu 2,287, na kwa muda mrefu mikutano ya ana kwa ana ilikuwa ya kuogopwa. Katikati ya shida hiyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ya nchi nzima ilikatwa kwa muda wa karibu majuma matatu.

Sasa tazama jinsi ofisi nyingi za kanisa zinavyofanya. Barua zinakwenda kwa anwani ya bure iliyofunguliwa kwa jina la katibu. Katibu akihamishwa au akifariki, miaka kumi ya barua inaondoka pamoja naye, na hakuna ajuaye neno la siri. Tena mtu mwovu anaweza kufungua anwani inayofanana na ile, akabadilisha herufi moja, akamwandikia mshirika wa Ulaya kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika. Mshirika anatuma fedha za zahanati. Zikisha kwenda, hazirudi.

Safari ya barua moja

Hatuwezi kuchagua cheti bila kuelewa kazi, kwa hiyo tufuate barua moja njiani.

Katibu wa jumuiya yuko Butembo, anaandika ripoti kwa ofisi ya UEM kule Wuppertal, Ujerumani. Anabonyeza alama ya kutuma. Watu wengi hufikiri barua inaruka moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya Mjerumani. Sivyo. Kwanza inakwenda kwa seva ya jumuiya, yaani kompyuta isiyozimwa inayotunza masanduku ya barua. Seva hiyo inadai neno la siri, kwa sababu haikubali kubeba barua ya mtu isiyemjua. Mlango wake wa kupokelea una namba 587. Kisha inatazama kilichoandikwa baada ya alama ya @ katika anwani ya mpokeaji, na inauliza DNS, lile daftari kubwa la majina ya intaneti: barua za jina hili zinapokelewa na seva ipi? Jibu linaitwa rekodi ya MX. Seva yetu ikishajua, inabisha hodi kwa seva ya Wuppertal kwenye mlango namba 25, na hizo mbili zinazungumza kwa kanuni iitwayo SMTP, ambayo Jon Postel aliichapisha mwaka 1982. Mpokeaji naye atafungua sanduku lake kwa kanuni nyingine, IMAP, kwa kawaida kupitia mlango namba 993.

Mwaka 1982 watumiaji wa mtandao walikuwa wachache, na wengi walifahamiana. SMTP haikuuliza kama yule anayejiita mwakilishi wa kisheria wa jumuiya ndiye kweli. Kasoro hiyo ipo hadi leo, na karibu kazi yote ngumu ya msimamizi wa barua pepe inatoka hapo.

Dawa zilikuja baadaye, nazo ni tatu. Msafiri yeyote wa barabara ya Butembo na Beni ataelewa. Kwenye barieri, mtumishi wa kanisa anaonyesha ordre de mission yake. Askari anatazama kwanza kama dereva huyu ameruhusiwa kubeba watu wa shirika hili. Hiyo ni SPF, orodha iliyotangazwa kwenye DNS ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina letu. Kisha anatazama mhuri kama ni wa kweli na kama karatasi haikufutwa-futwa. Hiyo ni DKIM. Seva yetu inatia sahihi ya siri juu ya kila barua, na ufunguo wa kuihakikisha sahihi hiyo uko wazi kwenye DNS, kila mtu anaweza kuusoma. Dawa ya tatu, DMARC, ni agizo tunaloliacha kwa wenye barieri wote wa dunia: akija mtu kwa jina letu bila hati hizo, mrudisheni, au mwekeni pembeni, kisha mtupe habari.

Shida yenyewe si mpya hata kidogo. Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya barua inayodai kutoka kwake, na mwishoni mwa waraka wake wa pili kwao akataja salamu ya mkono wake mwenyewe kuwa ndiyo alama katika kila barua. DKIM inafanya kazi ya mkono ule.

Tangu Februari 2024 haya si mapambo tena. Google na Yahoo zilianza kudai kila anayetuma awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail awe na zote mbili pamoja na DMARC. Ofisi isiyo na hati hizo inaona barua zake zikitupwa kwenye barua taka, na huko Ulaya wanasema, "Hamkutujibu." Fundi asiyeelewa DNS vizuri hawezi basi kuzitunza barua za jumuiya, hata akiwa na vyeti vinne ukutani.

Je, seva ikae Butembo?

Vijana wengi wanaota kuona seva ya kanisa ndani ya ofisi ya kanisa, na taa zake zikiwaka. Tunaipenda ndoto hiyo, lakini hatuishauri. Umeme unakatika, na sola ya ofisi imepimwa kwa taa na kompyuta mbili. Intaneti ya modemu ya simu haina anwani ya IP ya kudumu. Inabadilika, na mara nyingi inashirikiwa na wateja wengine wengi. Seva za ng'ambo zikiona anwani ya namna hiyo, nyingi hazifungui hata mlango. Tena mega zinaisha, na wizi upo, na vita ipo.

Jumuiya yenye masanduku chini ya hamsini, kwa maoni yetu, inunue jina lake la mtandao, liwe la .org au la .cd, kisha ikodi huduma ya barua kwa kampuni inayojua kazi hiyo. (Wazee watakumbuka kwamba kabla ya .cd kuanza mwaka 1997 nchi yetu ilikuwa na .zr, ya Zaire.) Jumuiya kubwa, chuo kikuu au hospitali yenye mamia ya watumishi inaweza kukodi seva tupu katika nchi yenye umeme wa kudumu na kumpa fundi wake aijenge. Hata hapo fundi asome masharti kwanza: makampuni kadhaa ya kukodisha seva, Google Cloud ikiwa mojawapo, hufunga mlango namba 25, na barua haitoki.

Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti. Mmoja anatunza huduma ya kukodi: anafungua na kufunga masanduku, anaandika rekodi za DNS, anafundisha makatibu kutambua barua ya uongo. Mwingine anajenga seva kutoka mwanzo. Ofisi zetu nyingi zinamhitaji yule wa kwanza, na vijana wetu wengi wanataka kuwa yule wa pili. Wazee wa kanisa waulize mapema: ni kazi ipi tunayokulipia?

Njia ya Linux

Kwa anayetaka kujenga, na hata kwa anayetaka tu kuelewa vizuri, sisi tunaelekeza kwenye Linux. Programu za barua zinazotumika sana katika seva za aina hii zinakaa juu ya Linux, na ni za bure. Postfix, inayobeba barua, ilianzishwa na Mholanzi Wietse Venema alipokuwa IBM, ikatolewa mwaka 1998. Dovecot, inayofungua masanduku, iliandikwa na Timo Sirainen wa Ufini, ikatoka mwaka 2002. Kijana wa Beni anaweza kuzipata zote mbili bila kumlipa mtu, na hilo kwetu lina uzito.

Vyeti vya LPI, shirika lililoanzishwa mwaka 1999, havifungwi na kampuni moja ya Linux. Vimepangwa kama ngazi. Chini kabisa kuna Linux Essentials: maswali 40, dakika 60, na cheti chake hakiishi muda. Anayefanya kazi na Linux kila siku anaweza kuiruka. Kwa kijana aliyesoma shule ambako wanafunzi ishirini walizunguka kompyuta moja, ni mahali pema pa kujipima kabla ya kutumia fedha nyingi. Inafuata LPIC-1, yenye mitihani miwili, 101 na 102. Kila mmoja una maswali 60 kwa dakika 90, na anayepita wote anapata cheti cha miaka mitano. Hapo barua pepe inaguswa kidogo tu.

Ni katika LPIC-2, mtihani wa 202, ndipo barua pepe inapata sura yake: Postfix, kupanga barua zinazoingia, na Dovecot. Lakini sikiliza hesabu hii. Katika toleo la 4.5 la mtihani huo, sehemu ya barua pepe ina uzito wa 8 kati ya 60. Ulinzi wa mfumo, seva za wavuti, ugawaji wa mafaili na mambo mengine vinachukua sehemu iliyobaki, na DNS nayo, iliyo katika mitihani hiyo ya ngazi ya pili, ina uzito wa 8. Kwa maneno mengine, hata cheti kilicho karibu zaidi na kazi yetu hakimfanyi mtu kuwa fundi wa barua pepe. Kinathibitisha kwamba ana msingi. LPIC-2 pia haitolewi kwa asiye na LPIC-1 iliyo hai, kwa hiyo jumla ni mitihani minne. Nchini Marekani kila mmoja wa hiyo ni karibu dola 200. LPI hupanga bei kufuatana na nchi, basi mwombaji alete bei ya Kongo iliyochapishwa siku hiyo, asilete makadirio ya rafiki.

Tunashauri kanisa lilipie LPIC-1 peke yake kwanza, kisha lingoje mwaka mmoja wa kazi. Anayestahili LPIC-2 ataonekana kwa jinsi anavyotunza kidogo alichopewa.

RHCSA ya Red Hat ni cheti kizuri. Mtahiniwa hachagui jibu. Anawekwa mbele ya mfumo wenyewe na kuambiwa atengeneze, naye anahitaji alama 210 kati ya 300. Waajiri wanakiheshimu, kinadumu miaka mitatu, na kwa mtu anayetaka kazi Kampala, Nairobi au Kinshasa kina faida. Lakini kina gharama, na RHCE inayofuata, tangu ilipobadilishwa wakati wa toleo la 8 la Red Hat mwaka 2019, inahusu kuendesha seva nyingi kwa pamoja kwa programu ya Ansible. Kwa ofisi ya kanisa yenye seva moja, hiyo ni kununua lori kwa ajili ya gunia moja.

Njia ya huduma ya kukodi

Kama jumuiya tayari inatumia Microsoft 365 au huduma ya Google, kijana afuate huko huko. Kwa Microsoft, MS-900 ulikuwa mlango wa kuingilia na cheti chake hakiishi muda. MS-102 ni wa ngazi ya juu na cheti chake kinadai kwanza kingine cha ngazi ya kati. Vyeti hivyo vya kazi vinadumu mwaka mmoja, lakini kuvifanya upya ni bure, kwa jaribio la mtandaoni. Google nayo ina cheti cha msimamizi wa Workspace.

Tahadhari ya njia hii ni kwamba kampuni inabadilisha majina inapotaka. MCSA na MCSE, ambavyo kaka zetu wengi walivisomea kwa jasho, viliondolewa tarehe 31 Januari 2021. Seva za Exchange za 2016 na 2019 zilimaliza msaada wa kampuni tarehe 14 Oktoba 2025, na bado tunaona vitabu vyake vikiuzwa. Anayeuza kozi mjini Butembo hatakuambia hilo. Kabla ya kulipa, tazama kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe kama mtihani bado upo.

CCNA ya Cisco tunaitaja upesi. Inafundisha mtandao vizuri, ila barua pepe haimo. Ni njia ya anayetaka kufanya kazi kwa watoa intaneti.

Kujifunza bila mega nyingi

Usilipie darasa kabla ya kutumia vya bure. LPI ina masomo yake bure mtandaoni, katika lugha kadhaa. Cisco Networking Academy ina kozi za bure za msingi wa mtandao na za Linux. NSRC ya Chuo Kikuu cha Oregon, ambayo kwa miaka mingi imesaidia warsha za AfNOG za mafundi wa mitandao wa Afrika, imeacha maandiko yake ya kufundishia wazi kwa kila mtu. Mmoja apakue usiku, wengine wanakili kwa ufunguo wa USB.

Kisha mazoezi. Kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha kuendesha ndani yake kompyuta mbili za kubuni za Debian. Moja iite butembo.test na nyingine beni.test, mwisho huo wa.test umetengwa rasmi kwa majaribio, hautagongana na jina la mtu. Weka Postfix na Dovecot kwenye zote mbili, weka na DNS ndogo, kisha fanya Butembo imwandikie Beni. Barua ikikataa, soma daftari la matukio la Postfix mpaka ujue sababu. Haribu kitu kwa makusudi, mpe mwenzako atafute. Haya yote yanafanyika bila intaneti hata siku moja, baada ya kupakua mara moja. Vijana watatu wa parokia moja wakikutana kila Jumamosi kwa miezi sita watajua zaidi kuliko aliyelipa dola mia tano kwa kozi ya majuma mawili.

Vyuo vyetu havishindani na vyeti. UCBC ya Beni, iliyoanza mwaka 2007, inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na Kiingereza hicho ni msaada mkubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandiko ya kazi hii iko katika lugha hiyo. Aliyesoma kwa Kifaransa peke yake aanze Kiingereza cha kusoma leo, kabla ya kuomba mtihani.

Siku ya mtihani

Hapa vijana wetu wanapoteza fedha kwa mambo madogo. Jina la kuandikishwa lazima lifanane na kitambulisho. Sisi Wakongo tuna nom, postnom na prénom, na fomu ya Wamarekani ina nafasi mbili tu. Andika kama kitambulisho kinavyoonyesha, na kama huna hakika, uliza kwanza kwa maandishi. Anayevuka Kasindi kwenda kufanyia mtihani Kampala anahitaji pasipoti, kwa kuwa vituo vya Pearson VUE vinadai pasipoti kwa anayetahiniwa nje ya nchi yake. Kadi ya mpiga kura haitatosha. Gharama ya pasipoti na ya safari iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mitihani mingi inaweza kufanyika mtandaoni nyumbani, mbele ya kamera, katika chumba kisicho na mtu mwingine. Kwetu hilo lina hatari: intaneti ikikatika, mtihani unaweza kuvunjika. Anayejaribu atafute ofisi yenye mtandao imara na betri, na aupime siku tatu mfululizo, saa ile ile ya mtihani.

Kuna jambo moja la aibu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mafungu ya maswali yaliyoibwa yanauzwa, na vijana wanayaita msaada wa masomo. Huo ni wizi. Kampuni zikigundua zinafuta cheti, na hata zisipogundua, siku barua za jumuiya zitakapogoma kutoka, maswali yale hayatajibu. Kanisa lililotoa sadaka zake lina haki ya kuuliza jinsi mtihani ulivyopitwa. Tunashauri mwombaji apewe jaribio dogo kabla ya kupewa fedha: mbele ya fundi mwingine aunde sanduku, aandike SPF, na aeleze kwa Kiswahili kwa mtunza fedha kwa nini barua fulani ilirudi. Anayeweza kulieleza jambo hilo kwa mama wa ofisi akaelewa, ameshika kazi.

Makubaliano kabla ya kulipa

Andikeni karatasi, hata kama kijana ni mtoto wa mzee wa kanisa. Hasa kama ni mtoto wa mzee wa kanisa. Jina la mtandao liandikishwe kwa jina la jumuiya, lisiandikishwe kwa jina la fundi. Malipo yake ya kila mwaka yaandikwe kwenye kalenda ya mtunza fedha, kwa kuwa jina lisilolipiwa linaachwa na mtu mwingine anaweza kulichukua. Maneno ya siri makuu yakae ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sanduku la chuma la ofisi, na bahasha ibadilishwe kila yanapobadilishwa. Wawepo watu wawili wanaojua kazi, mmoja Butembo na mmoja Beni, ili barabara ikifungwa pasiwe na ofisi iliyokwama. Nakala ya akiba ya barua itolewe kila juma na ihifadhiwe katika mji mwingine.

Fundi naye alindwe. Masanduku ya wachungaji yana habari za wagonjwa, za ndoa, za watu waliokimbia. Tena sheria ya kidijitali ya nchi yetu, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa ulinzi wa habari za watu. Iandikwe wazi kwamba hafungui sanduku la mtu bila idhini ya maandishi, na kwamba hakuna kiongozi, hata wa ngazi ya juu, anayeweza kumwamuru kwa simu afanye hivyo. Alipwe kitu kila mwezi. Fundi wa barua asiyelipwa anahama, na kwa kawaida anahama katikati ya juma la mkutano mkuu.

Parokia ambayo tayari ina kijana na haijui ianzie wapi, ianze na kompyuta moja ya zamani na Debian juu ya ufunguo wa USB. Hayo hayahitaji barua kwa mshirika yeyote.